Ajali Haina Kinga?



Mwezi huu wa Desemba nyumba zetu za Kibaha na Kisarawe hujaa watoto. Shule zimefungwa, na wajukuu wanaletwa kutoka Dar es Salaam na mabegi yao mgongoni. Wengine wanashuka Maili Moja, wengine wanapanda vilima vya Pugu mpaka Kisarawe. Babu na bibi hufurahi. Kuku huchinjwa, mihogo hung'olewa, madafu huangushwa. Na siku tatu baada ya Krismasi, tarehe 28 Desemba, Kanisa huwakumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode.

Habari hiyo tumeizoea, nasi huiona kuwa ni ya watu wa mbali na mfalme mwovu wa zamani. Mwaka huu twaomba tuisome tukiwa tumekaa uani kwetu, huku watoto wakicheza mbele ya macho yetu.

Tazameni alivyofanya Yusufu katika Injili ya Mathayo, mlango wa 2. Malaika alimwonya katika ndoto kwamba mtoto anatafutwa auawe. Lakini malaika hakumbeba mtoto. Yusufu ndiye aliyeamka usiku ule ule, akamchukua mtoto na mama yake, akashika njia ya Misri. Mungu alimlinda Mwanawe kwa mikono ya seremala na kwa miguu yake. Kama Yusufu angalikuwa mtu wa namna yetu, pengine angalisema, "Mtoto huyu ni wa Mungu, basi Mungu atamlinda. Tulale kwanza, kesho nayo ni siku." Na kulipokucha askari wangalikuwa mlangoni.

Hilo ndilo neno letu la mwezi huu. Ulinzi wa Mungu kwa mtoto mdogo umewekwa, kwa sehemu kubwa, katika mikono ya wakubwa wa nyumba. Tusimrudishie Mungu kazi aliyotukabidhi sisi.

AGIZO LA UKINGO

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya, azungushe ukingo juu ya dari yake, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikahesabiwa juu ya nyumba hiyo. Nyumba zao zilikuwa na dari tambarare. Huko juu watu walianika kitani, walipunga upepo jioni, na wakati wa joto walilala huko.

Angalieni jambo moja hapo. Agizo hili limetolewa wakati wa kujenga, kabla hajaanguka mtu ye yote. Mwenye nyumba haambiwi angoje mpaka aone hatari kwa macho. Anaambiwa afikiri mbele, amwonee huruma mtu ambaye bado hajapanda ngazi. Walimu wa Kiyahudi wa zamani walilielewa vizuri, wakalipanua. Walifundisha kwamba mtu asifuge mbwa mkali nyumbani mwake, wala asiweke ngazi mbovu. Nyumba zetu za bati na za makuti hazina dari ya kulalia, lakini kila nyumba ina mahali pake pa kuangukia.

Tena, katika Kutoka 21:33-34, mtu aliyechimba shimo asilifunike, kisha ng'ombe au punda wa jirani akatumbukia, alitakiwa kulipa. Ikiwa Mungu alidai malipo kwa ajili ya punda, atatuuliza nini kwa ajili ya mtoto?

SHIMO LETU

Haya hatuyaandiki kama watu wasio na doa. Tulifundisha katika chuo cha ualimu kwa zaidi ya miaka 30. Tuliwafundisha wanachuo malezi ya watoto, na kila mwaka tuliandika ubaoni vichwa vile vile: maji, moto, sumu, vitu vyenye ncha kali. Wakatujibu vizuri katika mitihani, nasi tukawapa alama zao.

Tulipostaafu tulijenga nyumba ndogo Kisarawe. Fundi alituchimbia shimo la choo, akatueleza kiasi cha saruji na nondo zinazohitajika kwa mfuniko wa zege. Tukamwambia asubiri kidogo. Pesa zilizokuwepo tulinunulia mapazia ya sebuleni, maana wageni walikuwa wanakuja kubariki nyumba. Shimo tukalifunika kwa bati kuukuu na mawe mawili. Padre akaja, akanyunyiza maji ya baraka katika kila chumba, akala pilau, akaondoka. Hakuna aliyekwenda nyuma ya nyumba.

Mvua za vuli zikanyesha, shimo likaingia maji. Asubuhi moja mjukuu wa jirani yetu, mtoto wa miaka mitatu, alifuata vifaranga vya kuku mpaka nyuma ya nyumba yetu. Bati likapinduka. Hatukusikia kelele yo yote. Tulisikia bati tu. Fundi alikuwa ameacha mti mle ndani wa kushukia, na mtoto akaukumbatia. Kijana mmoja mfyatua matofali alikuwa akipita njiani, akashuka, akamtoa. Mkono wa mtoto ulikuwa umevunjika, lakini alikuwa hai.

Bibi yake, mama wa Kizaramo, Mwislamu mwenye heshima zake, alikuja jioni. Tulitazamia maneno makali. Akaketi mkekani, akasema, "Mwalimu, tumshukuru Mwenyezi Mungu. Ajali haina kinga."

Alikuwa akitusamehe, nasi tulijua. Lakini neno lile lilituchoma kuliko matusi. Maana kinga ilikuwepo. Ilikuwa ni mifuko michache ya saruji, na bei yake haikufikia bei ya mapazia. Tungeweza kukubali kwamba Mungu ndiye aliyepanga mtoto aanguke, tukalala usingizi. Hatukuweza. Usiku ule ule tulichukua mlango wa chumba cha wageni uliokuwa bado haujafungwa, tukaulaza juu ya shimo na kuuwekea matofali. Wiki iliyofuata tukamwaga zege.

Wasomaji wetu wanaopenda lugha wataona kwamba "ukingo" na "kinga" ni maneno ya ukoo mmoja. Methali ile ina ukweli wake: yapo mambo yatupatayo ambayo hakuna mwanadamu awezaye kuyazuia, na kwa hayo tunafarijiana. Lakini tusiitumie kufunikia shimo. Wazee wetu hao hao walituachia methali nyingine, kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Na Bwana wetu, aliposhawishiwa ajitupe chini kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, alikataa, akaeleza kuwa huko ni kumjaribu Mungu. Kuliacha shimo wazi na kusema "Mungu ataona" ni jaribu lile lile. Tofauti yake ni kwamba anayeanguka ni mtoto wa watu.

MAJI, MOTO NA SUMU

Katika Injili ya Marko, mlango wa 9, baba mmoja alimweleza Yesu jinsi mwanawe alivyokuwa akitupwa mara kwa mara katika moto na katika maji. Moto na maji ndivyo vinavyowaumiza watoto wetu mpaka leo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa taarifa kwamba watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakifa kila siku duniani kwa ajali. Na taarifa ya Desemba 2024 ya Shirika hilo la Afya inaeleza kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Tunaposikia "kufa maji" tunafikiri juu ya bahari au Mto Ruvu. Lakini mtoto anayeanza kutembea ana kichwa kizito kuliko nguvu za mikono yake. Akiinamia ndoo akatumbukia kichwa chini, hawezi kujiinua, na maji machache yanatosha kumuua. Wala hapigi kelele. Kinywa kimo majini. Basi ndoo ya kufulia imwagwe mara kazi inapokwisha. Pipa la maji ya mvua liwe na mfuniko mzito. Kisima kiwe na ukuta na kifuniko. Shimo la takataka lizungushiwe miti. Mashimo tuliyochimba kutafuta mchanga na udongo wa matofali yafukiwe kabla ya mvua.

Moto nao. Majiko yetu ya mkaa na mafiga yetu yako chini, kimo cha mtoto. Tumwekee mtoto mpaka wa jikoni: ubao, tofali, hata benchi lililolazwa mlangoni. Uji na chai visiwekwe juu ya mkeka wala juu ya kitambaa ambacho mtoto aweza kukivuta. Chupa ya chai ikae juu. Mtungi wa gesi ufungwe kila baada ya kupika. Na jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba wanamolala watu, maana hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua walio usingizini.

Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha mfunikeni kwa kitambaa safi na kumpeleka hospitali. Msipake dawa ya meno, wala mafuta, wala yai, wala majivu. Vitu hivyo hushika joto ndani na kuleta uchafu katika kidonda.

Sumu yetu kubwa ya siku nyingi ni mafuta ya taa katika chupa ya soda. Mtoto haoni mafuta, anaona soda. Kadhalika dawa ya panya, dawa za kupulizia mikorosho, na dawa ya kusafishia choo iliyotiwa katika chupa ya maji ya kunywa. Kila dawa ikae katika chombo chake, mahali pa juu, chini ya kufuli. Na sisi wazee tujitazame: vidonge vyetu vya presha na vya sukari tunaviweka chini ya mto au kwenye ncha ya khanga. Kidonge kinachomsaidia bibi chaweza kumuua mjukuu. Mtoto akinywa mafuta ya taa, msimtapishe, maana yakirudi huingia katika mapafu. Mkimbizeni hospitali, nanyi mchukue chupa ile ili mganga aione.

Mwisho wa mambo haya ni vitu vidogo. Karanga nzima na korosho si chakula cha mtoto wa miaka miwili, zipondwe. Sarafu, vifungo, na hasa zile betri ndogo za mviringo za saa na za rimoti zisiachwe sakafuni. Betri ya namna hiyo ikimezwa huunguza koo kwa muda wa saa chache tu. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, hata kama anacheka.

MTOTO YUKO NA NANI?

Luka 2:44 inatueleza kwamba Yesu alipobaki Yerusalemu, wazazi wake walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani yuko katika msafara. Walikuwa wazazi wema, wakitoka katika sikukuu ya Mungu. Ila kila mmoja alidhani.

Ndivyo yanavyotokea kwetu katika arusi, misiba na sikukuu. Watu wazima hamsini wamejaa uani, kila mmoja akidhani mtoto yuko na mwenzake, na mtoto yuko kwenye sufuria la maji moto nyuma ya nyumba au ukingoni mwa barabara kuu ya Morogoro. Ulinzi wa wote, usipokabidhiwa mtu, ni ulinzi wa mtu asiyekuwepo. Basi watu wakikusanyika, mtoto mdogo apewe mtu mmoja kwa jina, na mtu huyo akitaka kuondoka amkabidhi mwingine kwa jina.

Tena tusimtwike mzigo huu binti wa miaka saba. Dada yake Musa alisimama mbali akimwangalia mdogo wake katika kisafina, lakini mama alikuwa karibu, naye aliitwa upesi. Wengi wetu tunambebesha msichana mdogo mtoto mgongoni, tukaenda shamba kutwa, kisha likitokea jambo tunampiga yeye. Yule naye ni mtoto. Kosa ni letu tuliomwacha peke yake.

Tunajua pia kwamba ukurasa huu utasomwa na mzazi ambaye mtoto wake alikufa au alilemaa kwa ajali ya namna hii. Ndugu yetu mpendwa, hatuandiki ili kukuongezea jeraha. Kumbuka habari za Mefiboshethi katika 2 Samweli 4:4. Alikuwa na miaka mitano, mlezi wake akamchukua na kukimbia naye ili kumwokoa, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu. Mlezi yule alimpenda mtoto. Maandiko hayamlaani. Nasi tuliofunika shimo kwa bati hatuna jiwe la kumtupia mtu. Yote tunayalaza mbele ya msalaba, ambako Mungu mwenyewe anajua ni nini kumtazama Mwana akifa.

Na mtoto aliyebaki na kovu la moto au mguu mbovu asifichwe ndani. Mfalme Daudi alimtafuta Mefiboshethi, akamketisha mezani pake siku zote. Nafasi ya mtoto huyo ni mbele, darasani na kanisani.

KAZI YA KUFANYA

Tulio wa umri wetu tunaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tulikuwa watoto wa shule. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma kijitabu, kujadiliana, kisha kwenda kufanya kazi: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Nguvu yake ilikuwa katika hatua ile ya mwisho. Mkutano haukwisha mpaka jembe lishikwe.

Basi twaomba kila nyumba ya parokia yetu ifanye hivi kabla ya tarehe 28 Desemba. Chuoni tulikuwa na zoezi moja. Tuliwaamuru wanachuo wapige magoti, watu wazima wenye suti zao, wazunguke chumba chote kwa magoti. Walicheka sana. Lakini waliona waya uliochubuka nyuma ya kabati, kisu ukingoni mwa meza, chupa chini ya kitanda. Waliona dunia kwa kimo cha mtoto.

Tumezoea kupiga magoti kanisani. Jumamosi moja tupige magoti jikoni, chumbani na uani. Baba apige, mama apige, na babu ambaye magoti yake yanamuuma aketi kwenye kigoda. Tutafute mambo matatu: la maji, la moto, na la sumu. Tukiyapata, tuyaondoe siku hiyo hiyo. Tukikosa pesa za zege, twende kwa jirani tukaombe mbao. Umoja wa Akina Mama utembelee nyumba ya mjane na ya mama aliye peke yake, na vijana wafukie shimo lake bila kudai ujira. Wazazi wa ubatizo nao wasikumbuke watoto wao kwa zawadi ya nguo tu. Waende kuona mahali mtoto anapolala na anapocheza. Na padre akija kubariki nyumba mpya, tumwombe azunguke mpaka nyuma.

Mtoto yule wa jirani yetu sasa yuko shule ya msingi. Mkono wake ulipona, ila umepinda kidogo, nasi tunauona kila anapotupungia akipita. Anapita juu ya zege lile bila kujua kuna nini chini yake. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Watoto wacheze bila kujua, kwa kuwa wakubwa walijua.

Na tuombe.

Ee Baba wa mbinguni, uliyemweka Mwanao mchanga katika mikono ya Mariamu na Yusufu: utupe macho ya kuona hatari kabla haijamfikia mtoto, na mikono isiyongoja kesho. Uwasamehe waliosahau, uwafariji waliofiwa, uwaponye walioumia. Uzibariki nyumba za Kibaha na Kisarawe, mbele na nyuma, na wote walio wadogo ndani yake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.